Pombe Inapoanza Kumtawala Mnywaji: Dalili zake, Hatari ya Kuacha Ghafla na Mahali pa Kupata Huduma

Katika zahanati nyingi za mlimani yupo mgonjwa ambaye mhudumu humtambua kabla hajaketi. Amekuja kwa sababu ya tumbo linalowaka moto kila asubuhi, au shinikizo la damu lisiloshuka ingawa dawa anameza, au mkono alioutegua alipoanguka usiku mferejini. Akiulizwa kama anatumia pombe, hujibu kwa utulivu kwamba anakunywa "kama watu wengine". Mara nyingi hasemi uongo. Katika nchi ya migomba mbege hunywewa wakati wa posa, hunywewa msibani, na hunywewa ndugu wanapopatana baada ya kugombania mpaka wa kihamba. Ulezi ukishaoteshwa na kusagwa, ndizi zikishachemshwa na gome la msesewe likishatia uchungu wake, kinywaji kinachopatikana si cha mtu mmoja bali ni cha ukoo. Pale ambapo kunywa kuna heshima yake, ni vigumu kuona mahali ambapo mmoja kati ya wanywaji amevuka mpaka.

Kipimo ambacho jamii imezoea kukitumia ni cha macho. Mlevi, kwa kipimo hicho, ni yule anayelala mtaroni, anayetukana wakwe, aliyeuza mabati ya nyumba yake. Asiyefika huko husemwa kuwa anakunywa kistaarabu. Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba humkamata mtu akiwa amekwisha kupoteza karibu kila kitu ambacho kingemsaidia kurudi: kazi, afya ya ini, imani ya mkewe. Wataalamu wa tiba wana kipimo kingine, nacho hakiulizi mtu ameanguka wapi. Huuliza ni nani mwenye amri kati ya mnywaji na kinywaji.

Dalili sita, na tatu zinazotosha

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika toleo la 10 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza utegemezi wa pombe kwa dalili sita. Zikijitokeza tatu au zaidi kwa pamoja ndani ya mwaka mmoja, mtu huyo hahesabiwi tena kuwa mnywaji wa kawaida. Ana ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba. Dalili zenyewe si ngeni. Karibu kila mkazi amewahi kuziona, ila kwa majina mengine.

Mojawapo husifiwa badala ya kuogopwa. Mtu huanza kwa bia mbili akachangamka. Baada ya miaka michache bia mbili hazimgusi, anahitaji tano au sita ili afike palepale. Wenzake humwambia kwamba ana kichwa kigumu, kwamba anaibeba pombe kiume. Ukweli ni kwamba ubongo wake umejizoeza kufanya kazi ukiwa ndani ya pombe, na kujizoeza huko ni hatua ya ugonjwa. Anayelewa upesi yuko salama zaidi kuliko asiyelewa.

Nyingine ni kushindwa kujiwekea mpaka. Mtu hutoka nyumbani akiwa ameazimia kunywa chupa moja na kurudi kabla ya giza, naye anasema kweli anaposema hivyo. Hurudi saa tano usiku, na fedha ya mbolea imekwisha. Likitokea mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu, ni tukio. Likitokea wiki baada ya wiki, kila mara likiwa na sababu mpya, azimio la mtu huyo halina nguvu tena mbele ya chupa. Hamu kali ya kunywa, ile inayomfanya mtu aitazame saa tangu mchana na kukosa utulivu kwenye kikao cha shule, huenda sambamba na hali hii.

Kisha kuna kuzimua. Neno hili limezoeleka kiasi kwamba hutamkwa kwa kicheko, na labda ndiyo sababu uzito wake haupimwi. Mtu huamka mikono ikitetemeka, jasho likimtoka ingawa asubuhi ya mlimani ina baridi, moyo ukimwenda mbio, kichefuchefu kikimzuia hata kunywa chai. Anapata glasi ya kwanza, na ndani ya nusu saa mikono inatulia na anaweza kushika jembe au kutia saini. Wengi huita hali hiyo uchovu wa jana. Lakini uchovu wa jana hupona kwa maji, chakula na usingizi. Hali inayopona kwa pombe peke yake ni dalili kwamba mwili umeanza kuidai pombe kama unavyodai chakula. Katika dalili zote sita, hii ndiyo inayopaswa kumfikisha mtu kwa mhudumu wa afya wiki hiyohiyo.

Dalili mbili zilizobaki huonekana zaidi na watu wa nyumbani kuliko na mnywaji mwenyewe. Kwanza ni mambo yaliyompendeza kuachwa moja baada ya jingine. Hakuna anayesema, "Nimeacha kwaya kwa sababu ya pombe." Husema kwaya ina majungu. Kikoba kina watu wasio waaminifu, mpira umekosa ladha, kahawa hailipi tena na ndiyo maana miti haijapogolewa. Kila sababu inaweza kuwa ya kweli peke yake. Zikiwekwa pamoja, huonekana kuwa muda wote uliookolewa umekwenda mahali pamoja. Pili ni kuendelea kunywa ilhali madhara yanajulikana: daktari amekwisha kumwonyesha majibu ya vipimo vya ini, au mwajiri ametoa onyo la pili, au watoto wameanza kujifungia chumbani wanaposikia kikohozi chake getini, na bado jioni inakuwa kama jana.

Kiasi, na hesabu inayodanganya

Ni kweli kwamba kiasi hakitoshi kumtambulisha mgonjwa. Hata hivyo hesabu ina faida, kwa kuwa watu wengi hawajui wanakunywa kiasi gani. WHO hutumia kipimo kimoja cha gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20, yaani vipimo viwili. Tangu Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pombe kali huuzwa katika chupa ndogo. Chupa ya mililita 200 yenye nguvu ya asilimia 35 ina gramu zipatazo 55. Mtu anayesema kwa unyenyekevu kwamba jioni hunywa "kachupa kamoja tu" amekunywa karibu sawa na bia tatu kubwa.

Mbege haina lebo. Ya siku ya kwanza huwa tamu na nyepesi. Ikiendelea kuchachuka huzidi ukali, na muuzaji na mnunuzi wote hawajui umefika wapi. Lita moja iliyofikia asilimia 4 tu ina zaidi ya gramu 30. Kuiita mbege chakula kwa sababu ina ulezi na ndizi ni hoja ya zamani yenye chembe ya ukweli, lakini ini halibagui kilevi kilichokuja na ulezi na kile kilichokuja peke yake. Kuhusu gongo hakuna hesabu ya kufanya: ni haramu kisheria, nguvu yake haijulikani, na iliyochanganywa na methanoli huweza kupofusha macho au kuua kwa kiasi kidogo.

Ini la mtu mzima huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Supu ya asubuhi, kahawa nzito na maji baridi havibadilishi mwendo huo, ingawa humfanya mtu ajisikie ameamka. Dereva wa bodaboda aliyekunywa bia tano kati ya saa mbili na saa tano usiku huenda bado ana pombe katika damu anapopakia abiria wa kwanza saa kumi na moja alfajiri, na wala hajihisi kulewa.

Wapo pia wasiopaswa kutumia kipimo chochote. Kwa mwanamke mjamzito hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama, kwa kuwa pombe humfikia mtoto tumboni na inaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wake. Anayetumia dawa za kifua kikuu huongeza hatari ya ini kuumia, na anayetumia dawa za kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla na kupoteza fahamu. Kuwauzia pombe watoto, yaani wote walio chini ya miaka 18, kumekatazwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kundi jingine husahaulika kwa urahisi, nalo ni la wanawake wanaopika pombe. Kuonja ni sehemu ya kazi yao, na kuonja huanza alfajiri. Mwanamke anayesomesha watoto wanne kwa kipato cha pipa la mbege haonekani na yeyote kuwa mnywaji. Yeye ni mfanyabiashara. Wengine hunywa ndani, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mwanamke mlevi huhukumiwa vikali kuliko mwanamume. Ugonjwa wao hufika kituo cha afya ukiwa umechelewa. Kwao maswali ya mhudumu yana thamani zaidi kuliko macho ya majirani, mradi yaulizwe faraghani.

Maswali hayo yapo. WHO lilitoa mwaka 1989 dodoso fupi linaloitwa AUDIT lenye maswali 10, ambalo mhudumu aliyefundishwa anaweza kulimaliza kwa dakika chache. Matatu ya mwanzo huuliza kiasi na mara ngapi mtu anakunywa. Matatu yanayofuata huhusu kushindwa kujizuia, majukumu yaliyoachwa na pombe ya asubuhi. Manne ya mwisho hugusa majuto, usiku ambao mtu haukumbuki, majeraha, na kama kuna ndugu au mhudumu aliyewahi kumshauri apunguze. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Anayepata 8 au zaidi anakunywa kwa namna inayoweza kumdhuru, na kwa wengi wa kundi hili mazungumzo mafupi ya ushauri hutosha kuwapunguzia unywaji. Anayefika 20 na kuendelea huhitaji uchunguzi kamili, kwa kuwa huenda amekwisha kuwa tegemezi.

Kwa nini mtu asifungiwe ndani aache

Hapa ndipo kutotambua ugonjwa kunapogharimu uhai. Familia iliyochoka huamua siku moja kwamba pombe imetosha. Kijana hufungiwa chumbani, au baba hupelekwa kwa shangazi asikokuwa na klabu karibu, na wote huamini kwamba wiki moja ya mateso itamsafisha. Kwa anayekunywa mara mojamoja hakuna tatizo. Kwa yule aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miezi au miaka, na hasa anayezimua, kukatishwa pombe ghafla ni hatari kubwa kuliko pombe yenyewe ya siku hiyo.

Sababu yake inaeleweka. Pombe hupooza ubongo. Nao, ili uendelee kufanya kazi, hujibu kwa kujichochea zaidi mwaka hadi mwaka. Pombe ikiondolewa kwa mkupuo, kile kilichokuwa kikipooza hakipo, lakini uchochezi umebaki palepale. Saa chache baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za mwanzo baadhi ya wagonjwa huanguka kama wenye kifafa, hata kama hawajawahi kuugua kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache hupatwa na hali mbaya zaidi: homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani au kusikia watu wanaomtafuta. Bila matibabu hali hii huweza kuua.

Mtu anayepiga kelele kwamba siafu wanampanda miguuni, siku tatu baada ya kufungiwa, hufikiriwa upesi kuwa amerogwa au ana mapepo. Hufungwa kamba na kupelekwa kuombewa. Maombi hayana ubaya, na yanaweza kuendelea kando ya kitanda cha hospitali. Kinachodhuru ni saa zinazopotea njiani. Yeyote anayetetemeka sana, anayeanguka, au anayechanganyikiwa baada ya kuacha pombe ni mgonjwa wa dharura, usiku na mchana.

Hali hiyohiyo huwapata walioacha bila kukusudia. Aliyevunjika mguu na kulazwa, aliyewekwa mahabusu mwishoni mwa wiki, aliyesafirishwa kwenda kumuuguza mzazi, wote hukatiwa pombe bila mtu kuitaja. Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wodini huficha habari za unywaji wake kwa nia njema, ili asidharauliwe. Siku ya pili mgonjwa wa mguu anaanza kuweweseka na kung'oa bandeji, na daktari anatafuta malaria au jeraha la kichwa. Sentensi moja iliyosemwa mapema, kwamba mgonjwa huyu hunywa kila siku na glasi ya mwisho alikunywa jana jioni, ingempa daktari nafasi ya kuanza dawa kabla hali haijaharibika.

Matibabu ya hatua hii si ya muda mrefu. Mgonjwa hupewa dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa siku hadi siku, maji, chakula, na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huikosa. Upungufu mkali wa vitamini hiyo huyumbisha mwendo na macho, kisha huharibu kumbukumbu, na uharibifu huo ukikomaa huenda usirekebishike. Baada ya siku hizo huja kazi ndefu zaidi, ya kujifunza kuishi jioni zisizo na pombe. Zipo dawa za kupunguza hamu, ingawa si kila kituo kinazo, na kuna ushauri nasaha wa mtu mmoja au wa kikundi. Unga na vidonge vinavyouzwa mtaani ili vitiwe kwa siri katika chai ya mume si sehemu ya matibabu hayo. Kilichomo hakijulikani, na baba anayegundua kwamba amelishwa kitu bila ridhaa yake huacha kuamini chakula cha nyumbani, sembuse ushauri.

Namna ya kuanza, na mlango wa kugonga

Mazungumzo ya kwanza huharibika mara nyingi kwa sababu ya saa yaliyofanyika. Mtu akiwa amelewa hasikii, na kesho hakumbuki. Asubuhi, akiwa ametulia, ndiyo saa yake, na matukio husikika zaidi kuliko majina. "Baba, Jumanne ulianguka ngazini, na ada ya Machi haijalipwa" ni kauli ambayo mtu anaweza kuijibu. "Baba, wewe ni mlevi" hujibiwa kwa ukali tu. Kwa mzee, neno hilo lingefaa kutoka kwa ndugu wa rika lake au mtu anayemheshimu, wala si kwa mtoto wa mwisho. Familia nayo ina jambo la kuacha: kulipa madeni yaliyoandikwa kwenye daftari la klabu, na kumpigia msimamizi wa kazi simu kudai kwamba ana malaria. Huruma ya namna hiyo huuficha ugonjwa kwa miaka.

Huduma huanzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Mgonjwa anaweza kwenda mwenyewe, na hahitaji barua. Inasaidia akienda akiwa ameandika, kwa siku saba zilizopita, alichokunywa na saa aliyoanza, pamoja na dawa nyingine anazotumia. Anayezimua asiache pombe peke yake kabla ya kuonwa. Mhudumu ndiye atakayeamua kama anaweza kupunguza akiwa nyumbani au alazwe. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Wenye hali ngumu zaidi ya afya ya akili hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, Dodoma.

Afisa ustawi wa jamii hupatikana kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Kazi yake inahusu pia mke asiyepata matumizi na watoto wasioenda shule, hata kama mnywaji mwenyewe amekataa kutibiwa. Familia hailazimiki kusubiri akubali ndipo isaidiwe. Pale ambapo kuna kipigo, taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto anayeteswa au kutelekezwa, simu ya bure ni 116.

Wengi huanguka tena katika miezi ya mwanzo, hasa wakati wa misiba, sikukuu za Desemba na malipo ya kahawa. Kurudia kunywa hakufuti rufaa wala hakumwondolei mtu haki ya kuhudumiwa. Hurudi katika kituo kilekile na kueleza siku aliyoanza tena na kilichomkuta siku hiyo, na mhudumu hutumia maelezo hayo kupanga matibabu yanayofuata.